Meza Iliyogeuzwa Dirishani

Mama Kisioki alikuwa na neno moja alilolipenda kuliko hata salamu, nalo ni "kushoto". Mwanafunzi akija kwake Sekei kujifunza ushonaji, kabla hajaonyeshwa mkasi wala cherehani, alisimamishwa mbele ya dirisha la upande wa mlima akaulizwa mwanga unatoka wapi. Akijibu "nje", alipata kofi la mgongoni, la utani lakini la kuuma. Mwanga unatoka kushoto! Meza inakaa hivi, kiti kinakaa hivi, uso unatazama mlango wa barabarani na dirisha linabaki kushoto kwako, ili mkono wa kulia unaoshika sindano usijitie kivuli wenyewe. Asiyetaka kukaa hivyo akashonee kwao, gizani.

Hakuna aliyebishana naye, maana kazi yake ilionekana. Au tuseme haikuonekana, na hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake: pindo la Mama Kisioki, lililoshonwa kwa mkono, hulioni kwa nje hata uchungulie mpaka macho yakutoke. Majoho ya kwaya ya usharika yalipita mikononi mwake, na magauni ya kipaimara, na suti za maharusi waliotoka mpaka Usa River. Cherehani ilifanya kazi yake, lakini mwisho wa nguo yoyote ulingojea ile meza ndogo ya dirishani, na kwenye meza ile hakukaa mtu mwingine.

Kisha kiharusi kikaja kikachukua upande wa kulia. Mguu ulirudi nusunusu. Ulimi ulirudi wote, na majirani walisema ulirudi na nyongeza. Mkono ndio uliokataa. Ulining'inia tu, vidole vimejikunja, na Mama Kisioki akawa anauficha chini ya kitenge alichojifunga begani, hata kanisani, hata siku za jua kali.

Kazi ikabaki kwa Nice. Huyu alikuwa mkwe wake, mke wa Kisioki, lakini kabla ya kuwa mkwe alikuwa mwanafunzi. Alikuja akiwa hajui kushika mkasi. Alipofiwa na mama yake huko Olasiti, Mama Kisioki alikwenda kwenye mazishi, akakaa naye matanga yote, kisha akarudi naye Sekei. Tangu hapo Nice alimwita yeyo, kama Waarusha wanavyomwita mama mzazi. Siku aliyohitimu, Mama Kisioki alivua shingoni futi kamba yake, ile ya kupimia, akamvalisha. Hivyo ndivyo alivyofanya kwa kila mwanafunzi aliyeiva, ila wengine aliwanunulia mpya. Nice alipewa ya kwake mwenyewe. Kisioki alipokuja kumwoa, mama mtu alijisifu kwamba mwana amechagua vizuri, ingawa ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyechagua na Kisioki alifuata tu.

Sasa Kisioki alikuwa Babati kwenye kazi za kufunga umeme, akija nyumbani mwisho wa mwezi, na humo ndani walibaki wanawake wawili, cherehani moja, na meza ndogo ya dirishani ambayo haikuwa na kazi.

Mama Kisioki aliendelea kuikalia. Asubuhi alijikokota, akaketi kwenye kiti chake, uso mlangoni, dirisha kushoto, akawa anapokea salamu za wapita njia kama zamani. Wateja walipoingia walimsalimia yeye, halafu macho yakampita yakaenda kwa Nice. "Fundi, joho langu tayari?" Fundi! Na aliyeulizwa si yeye. Tabitha, mwalimu wa kwaya, alipoleta vitambaa vya majoho mapya alimshika bega akamwambia, "Wewe sasa pumzika, mama, umefanya kazi ya kutosha." Alisema kwa upendo. Mama Kisioki alitabasamu, na usiku ule hakugusa chakula.

Nia ya kushona haikumtoka. Jambo ambalo hakumwambia mtu ni kwamba alikuwa anajaribu. Nice akienda sokoni, Mama Kisioki alijifungia chumbani, akabana kipande cha kitambaa katikati ya magoti, akashika sindano kwa mkono wa kushoto. Kwa kushoto! Utotoni kwao aliwahi kumpa babu yake kikombe cha maziwa kwa mkono huo, akarudishwa nacho mpaka zizini aanze safari upya, na ndugu zake walimcheka mwaka mzima. Mkono wa kushoto ulikuwa wa kazi zisizotajwa mezani. Ndiyo maana hata chai alikunywa akiwa peke yake, na mgeni akinyoosha mkono kumsalimia alijitia anakohoa.

Chumbani mle aliketi kitandani kama alivyowafundisha wengine, dirisha kushoto kwake. Na kila alipoinamisha sindano, hakuona mahali pa kuichoma. Palikuwa peusi. Alijichoma kidole, akajichoma goti, akashona kitambaa pamoja na gauni alilovaa, akafumua kwa meno. Alijaribu hivyo majuma mengi. Mwishowe akasema basi, Mungu amemnyima mikono yote miwili, tena na macho kaongezea. Akakisokomeza kile kitambaa chini ya godoro, na madoa yake ya damu, akalia bila sauti, kwa kuwa Nice alishafika getini na mboga.

Mwezi wa saba, baridi imekaza na Meru haijaonekana siku kadhaa kwa wingu, mdogo wake Naserian alimwita kwake Sambasha, juu mlimani, akapumzike kidogo. Alikwenda. Huko alilishwa vizuri, akasimuliwa habari za ng'ombe wa kila mtu, akachoka. Aliota ndoto za meza yake. Siku aliyoahidi kurudi aliaga mapema kabla Naserian hajapika.

Bajaji ilimshusha getini. Mlango wa barabarani ulikuwa wazi. Alichokiona kwanza kilimfanya ashike fremu ya mlango asianguke.

Meza yake ilikuwa imegeuzwa. Kiti nacho. Atakayeketi pale sasa angetazama ukuta wa kalenda, mgongo mlangoni, kisogo kwa wateja, kama mtoto aliyeadhibiwa darasani. Na dirisha? Dirisha lilikuwa kulia. Ukingoni mwa meza, mbao nzuri ya mninga aliyoisugua kwa miaka, mtu alikuwa amepigilia vibanio vya kuanikia nguo, kwa misumari.

Sisi wote tunajua nyumba huhamishwa vyombo lini. Viti hutolewa sebuleni, meza husukumwa ukutani, magodoro hutandikwa chini, majirani huingia na vitenge kiunoni. Mama Kisioki alijua pia. Aliingiwa na hofu, kisha hofu ikageuka hasira, na hasira kwake haikuwa na breki.

Nice alitoka jikoni akijifuta mikono, uso umechanua. "Yeyo, umerudi! Shikamoo!"

Hakuitikiwa.

"Msiba ni wa nani humu?"

"Msiba?"

"Nauliza aliyekufa ni nani. Naona vyombo vimehamishwa."

"Hakuna aliyekufa, yeyo. Nimegeuza tu meza. Nilitaka ukirudi ukae kwanza, uone." Alikwenda akakivuta kiti, akakipangusa kwa kanga. "Kaa kidogo tu."

"Nikae nitazame ukuta? Watu wakiingia niwape kisogo?"

"Kaa, yeyo, tafadhali."

"Mwanga unatoka wapi?"

Nice aliendelea kukipangusa kiti.

"Nimekuuliza! Nilikufundisha nini siku ya kwanza? Mwanga unatoka wapi?"

"Kushoto."

"Na hapo umeuweka wapi?"

"Kulia," Nice alisema polepole. Macho yake yalitua kwenye mikono ya mama mkwe wake, yakakimbilia sakafuni. Alifungua mdomo kama mwenye neno, akaufunga.

Mama Kisioki alikiona kile kimya akakisoma anavyotaka. Aliona mtu aliyeshikwa. "Na vibanio hivi? Meza yangu imekuwa kamba ya kuanikia nepi? Umengoja nitoke mguu mmoja, ukaharibu pa kukaa ili nisikae tena. Si useme tu! Sema, mama, umekwisha, kaa jikoni uchambue mchicha!"

"Yeyo, siyo hivyo..."

"Usiniite yeyo!" Hapo angeweza kuishia. Hata yeye, baadaye, alipata pahali hasa ambapo angeishia. Lakini maneno yalikuwa yameshapanga foleni. "Mama yako umeshamzika. Mimi usinizike kabla sijafa. Mimi si mama yako, na hapa si kwenu. Kwenu ni Olasiti."

Cherehani ilikuwa na joho la kwaya limebanwa kwenye mguu wake, nusu limeshonwa. Nice alilitazama lile joho kwa muda, kana kwamba ndilo lililosema. Alivua futi shingoni, akaikunja vizuri kama alivyofundishwa, akaiweka juu ya meza. Akaingia ndani akatoka na mkoba. Geti lililia mara moja.

"Nenda!" Mama Kisioki alimalizia, ingawa hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Alipobaki peke yake jambo la kwanza lilikuwa kurudisha meza mahali pake. Aliishika kwa mkono wa kushoto akaivuta. Haikusogea. Aliisukuma kwa nyonga, mguu mbovu ukateleza, akajiona anaanguka, akadaka kiti. Akaketi. Hakuketi kwa kumtii mtu, aliketi kwa sababu mguu ulikataa, na alikuwa akihema kama aliyepanda Sambasha kwa miguu.

Akiwa ameinama hivyo, akingoja pumzi irudi, ndipo alipoona kilichokuwa kimebanwa na vibanio.

Kilikuwa kipande cha kitambaa, kimefuliwa, kimepigwa pasi. Madoa yalikuwa yamefifia lakini hayakutoka yote. Alikijua. Ni kile alichokisokomeza chini ya godoro. Mishono yake iliyopinda ilikuwa bado ipo, hakuna aliyeifumua, na upande wa pili wa kitambaa ulikuwa umekunjwa pindo jipya, nadhifu, limetiwa pini, linangoja kushonwa. Vibanio vilikuwa vimeushika mkunjo pande mbili ukakaza kabisa, kama unavyokazwa na vidole vya mtu mwenye mkono mzima.

Sponji ya kuchomekea sindano ilikuwa upande wa kushoto. Miaka yote ilikaa kulia. Ilikuwa imejaa sindano, na kila sindano ilikwisha kutiwa uzi na kufungwa fundo.

Mama Kisioki alikaa muda mrefu akitazama sindano zile. Kisha, kwa mkono aliofundishwa kuuonea haya, alichomoa moja. Wingu la mlimani lilikuwa limefunguka kidogo na mwanga ulimwagika kutoka kulia, ukapita juu ya mkono wake uliokufa, ukatua kwenye kitambaa. Aliinamisha sindano. Akaiona ncha. Aliona na nyuzi zenyewe za kitambaa, moja moja. Hapakuwa na kivuli, maana kivuli cha mkono kilikuwa kimeangukia upande wa pili, kisikohitajika.

Alichoma, akavuta. Akachoma tena.

Mjinga mimi, aliwaza. Mjinga mkubwa. Macho hayakuwa na kasoro. Yeye aliyewapiga watu makofi ya mgongo kwa ajili ya mwanga alikuwa ameshika neno "kushoto" kama aya, akasahau lilikuwa kushoto kwa sababu gani. Mkono umehama upande, na yeye hakuuhamisha mwanga. Aliyeuhamisha alikuwa mtoto wa Olasiti, na huyo ndiye aliyefukuzwa.

Alishona mpaka mwisho wa pindo kwa sababu aliogopa kusimama. Alipoacha, alipiga simu kwa Nice. Iliita ikakatika. Akapiga tena, ikawa haipatikani.

Kwa desturi angekaa. Mama mkwe hamfuati mkwe. Hungoja mume arudi kutoka Babati, wazee waitwe, chai ipikwe, mkwe ainamishe shingo. Mama Kisioki aliyajua hayo yote, tena aliwahi kuyasimamia kwa wenzake kwa ukali. Alichukua futi mezani, akachukua kile kitambaa, akafunga mlango na joho la Tabitha likiwa bado kwenye mguu wa cherehani.

Barabarani alisimama. Mkono wa kulia ulikuwa chini ya kitenge, haunyanyuki. Bajaji mbili zilipita bila kumwona. Kwenye kibanda cha nyanya mbele walikuwa wamekaa majirani waliomjua tangu akiwa bi harusi. Alipiga moyo konde, akanyoosha mkono wa kushoto juu, wakauona.

Olasiti alifika jua limeinama. Nice alikuwa uani kwa baba yake, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anapukuchua mahindi. Macho yalikuwa mekundu. Alimwona mgeni langoni, akasimama, akakung'uta sketi.

"Shikamoo, Mama Kisioki."

Salamu ilikuwa na heshima yote, na ilimchoma kuliko tusi. Ndivyo wanavyomwita wauza nyanya.

"Marahaba," alisema. Alitoa kitambaa kwenye kitenge akamnyooshea, kwa mkono wa kushoto, mbele ya nyumba ya watu.

Nice alikipokea kwa mikono miwili, kama kinavyopokewa kitu cha mkubwa. Alikigeuza upande wa nje, akakiinua kwenye mwanga, akalifuata pindo kwa ukucha kutoka mwanzo. Mama Kisioki alingoja. Hakuwahi kungoja hivyo maishani mwake, yeye ndiye aliyezoea kungojewa.

"Hapa umeruka," Nice alisema.

"Nimeona."

"Na hapa umevuta uzi sana, kitambaa kimefinyana."

"Nitafumua." Kisha akauliza, taratibu kwa jinsi alivyoweza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningeanzaje? Mimi nikuambie wewe, tumia mkono wa kushoto? Kitambaa nilikikuta nikitandika kitanda, toka mwezi wa tano. Nilijaribu kusema, nikashindwa. Nikaona nigeuze meza, ukikaa utaelewa mwenyewe." Alifuta pua kwa kiganja. "Nilikuomba ukae."

"Uliniomba."

Ng'ombe mmoja alilia nyuma ya nyumba. Mama Kisioki alikuwa amejiandalia maneno ndani ya bajaji, maneno mazuri, ya kikubwa, na yote yalikuwa yamemkimbia. "Nisamehe, Nice. Nimekosa. Nimekosa vibaya sana."

"La meza nilikusamehe palepale," Nice alisema. "Nilijua utagomba, wewe si ndiyo wewe. Lile la mama yangu bado."

Mama Kisioki aliitikia kwa kichwa. Hakutafuta neno la kuliziba. Alichomoa futi chini ya kitenge, akamnyooshea. Nice aliitazama, akatazama na mkono ulioishika. Hakuipokea. Badala yake aliikunjua, akanyanyua mikono akamvalisha mzee shingoni, akakitandaza kitenge juu yake isipigwe na upepo. Kisha akamrudishia kitambaa.

"Sindano nilizotia uzi zinakutosha kufumua hapo na kushona upya," alisema.

"Zikiisha?"

Nice aliinama, akachukua hindi jingine. Alipukuchua punje chache zikadondoka kwenye beseni. Mama Kisioki alifikiri hatajibiwa, akageuka kuelekea langoni, akaburuta mguu.

"Leo sirudi, yeyo," Nice alisema nyuma yake.

Mama Kisioki alisimama. Alitaka kugeuka amtazame, akaogopa kulisumbua lile neno. "Sawa, mwanangu," alisema, akatoka barabarani kutafuta bajaji ya kurudi.